Ushirikiano wa Kiuchumi wa Nchi za Kiarabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila viongozi wa Kiarabu wanapokutana, tamko husomwa kuhusu soko la pamoja, na kila mara watu huuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Majibu yangu yana upande: naamini gharama ya mkataba usiotekelezwa hulipwa na dereva wa lori, mkulima na mwenye duka, kwa hiyo nimewatazama wao kabla ya kutazama matamko.

Je, nchi za Kiarabu zina jumuiya moja ya kiuchumi kama ile ya Afrika Mashariki?

Hapana. Zina Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, iliyoundwa Cairo mwezi Machi 1945, ambayo leo ina wanachama 22, kutoka Mauritania upande wa Atlantiki mpaka Oman, na kusini mpaka Komoro. Lakini hiyo kwanza ni jumuiya ya kisiasa. Mambo ya uchumi yamegawanyika katika makundi kadhaa: eneo huru la biashara linaloitwa GAFTA, Baraza la Ushirikiano la Ghuba linalojulikana kama GCC, Umoja wa Maghreb wa nchi tano za kaskazini mwa Afrika, na Mkataba wa Agadir. Nchi moja huweza kuwa katika makundi matatu au manne kwa wakati mmoja. Tunisia imo GAFTA, imo Maghreb, imo Agadir, na tangu 2018 imo pia COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Wazo hili lilianza lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1950 nchi za Kiarabu zilisaini mkataba wa ulinzi wa pamoja na ushirikiano wa kiuchumi. Mwaka 1953 ukaja mkataba wa kurahisisha biashara na upitishaji wa mizigo. Mwaka 1957, mwaka uleule ambao nchi sita za Ulaya zilisaini Mkataba wa Roma ulioanzisha soko lao la pamoja, Waarabu nao walipitisha makubaliano ya umoja wa kiuchumi. Kwenye makaratasi, basi, Ulaya na Waarabu waliondoka kituoni pamoja.

Mwaka 1964 Misri, Iraq, Jordan na Syria zilitangaza Soko la Pamoja la Kiarabu. Ushuru kati yao ulipunguzwa mwaka hadi mwaka, lakini biashara haikukua inavyotakiwa. Sababu yake inafaa kukumbukwa. Katika nchi hizo serikali ndiyo iliyokuwa na viwanda vikubwa, ndiyo iliyotoa leseni za kuagiza bidhaa, na ndiyo iliyogawa fedha za kigeni. Mfanyabiashara wa Baghdad aliyetaka nguo za Misri hakuzuiliwa na ushuru. Alizuiliwa na ofisa ambaye hakumpa leseni. Ushuru ukifutwa huku leseni ikibaki mezani kwa ofisa, hakuna kilichofunguliwa.

GAFTA ni nini hasa?

Ni Eneo Kuu Huru la Biashara la Kiarabu. Lilianza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1998, kwa mpango wa kupunguza ushuru wa forodha kwa asilimia 10 kila mwaka. Baadaye kasi iliongezwa, na kufikia 1 Januari 2005 ushuru kati ya wanachama wengi ukawa sifuri. Sudan na Yemen, kwa kuwa ni nchi zenye kipato kidogo, zilipewa muda zaidi. Algeria iliingia 2009. Nchi 18 ndizo zinazohesabiwa kuwa ndani. Somalia, Jibuti, Komoro na Mauritania ni wanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, lakini zilibaki nje ya hesabu hiyo.

Kama ushuru ni sifuri tangu 2005, mbona wanauziana kidogo?

Hili ndilo swali lenyewe. Biashara kati ya nchi za Kiarabu zenyewe huwa karibu asilimia 10 tu ya biashara yao yote na dunia, wakati kwa Umoja wa Ulaya ni karibu asilimia 60.

Sehemu ya jibu ni ya kawaida: mafuta na gesi ya Ghuba huenda China, Japani, India na Korea Kusini, kwa hiyo hesabu ya biashara ya nje inavimba kwa bidhaa ambayo jirani mwenye visima vyake haihitaji. Na mashine, magari na simu hakuna nchi ya Kiarabu inayovitengeneza kwa wingi wa kuwatosha wenzake. Lakini sababu hiyo isitumike kufunika nyingine. Misri ina nguo na vyakula, Jordan ina dawa na mboga, Lebanon ina matunda, Saudia ina plastiki na kemikali, Tunisia na Moroko zina vipuri vya magari. Vitu vya kuuziana vipo.

Fuata lori moja tu la matunda kutoka bonde la Bekaa, Lebanon, likielekea Riyadh. Linavuka mpaka wa Masnaa kuingia Syria, linapita karibu na Damascus, linafika Nassib na kuingia Jordan, linakata Jordan yote mpaka Al-Omari, ndipo linaingia Saudia. Mipaka mitatu, na kila mpaka una pande mbili, kila upande una forodha, ukaguzi wa usalama, ukaguzi wa afya ya mimea na ada za barabara. Tunda halina subira. Mwezi Aprili 2015 mpaka wa Nassib ulifungwa kwa sababu ya vita vya Syria, na haukufunguliwa tena mpaka Oktoba 2018. Ulipofunguliwa, ada za malori kupita Syria zikapanda. Aprili 2021 Saudia ikapiga marufuku matunda na mboga za Lebanon baada ya kukamata mamilioni ya vidonge vya kaptagoni vilivyofichwa ndani ya makomamanga. Na Oktoba mwaka huohuo, kwa sababu ya maneno ya waziri mmoja wa Lebanon kuhusu vita vya Yemen, Saudia ikazuia bidhaa zote za Lebanon.

Saudia ilikuwa na haki kabisa ya kukasirishwa na dawa za kulevya. Lakini mkulima aliyepanda makomamanga bila kosa hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. GAFTA haina mahakama yenye meno. Mwanachama akifunga mlango, mlango umefungwa, na anayebaki na mzigo unaooza ndiye asiyekuwepo kwenye ugomvi.

Cheti cha uasilia ni nini, na kinasumbuaje?

Ili bidhaa isilipe ushuru chini ya GAFTA, lazima ithibitishwe kwamba imetengenezwa katika nchi mwanachama. Kipimo cha jumla ni kwamba angalau asilimia 40 ya thamani yake iwe imeongezwa huko. Kanuni za kina kwa kila aina ya bidhaa zimejadiliwa kwa miaka mingi mno, na pale ambapo kanuni haiko wazi, ofisa wa forodha ndiye hugeuka kuwa hakimu. Mfanyabiashara mdogo ambaye hana wakala mzuri mara nyingine huona heri alipe ushuru kuliko kusubiri kontena likilipiwa gharama za kukaa bandarini.

Nikinunua bidhaa Dubai na kuzileta Dar es Salaam au Mombasa, hii mikataba inanisaidia?

GAFTA haikuhusu. Ni ya nchi za Kiarabu zenyewe. Na hata mfanyabiashara wa Amman anayenunua Deira, mtaa wa maduka wa Dubai, simu zilizotengenezwa China hapati nafuu yake, kwa sababu simu hiyo ni ya China, haikugeuka kuwa ya Kiarabu kwa kupita bandari ya Jebel Ali, Dubai. Wewe unalipa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kama kawaida. Kenya ilisaini mkataba wake wa ushirikiano wa kiuchumi na Falme za Kiarabu mwezi Januari 2025, lakini huo nao una masharti ya uasilia. Usikubali kudanganywa kwamba kila kilichotoka Dubai kitaingia bure.

GCC imefika wapi?

Mbali kuliko kundi lolote lingine la Kiarabu. Iliundwa Abu Dhabi tarehe 25 Mei 1981 na Saudia, Kuwait, Bahrain, Qatar, Falme za Kiarabu na Oman, na makao yake makuu yako Riyadh. Umoja wa forodha ulianza 1 Januari 2003 kwa ushuru wa pamoja wa asilimia 5 kwa bidhaa nyingi za nje. Soko la pamoja lilitangazwa kuanza 1 Januari 2008. Raia wa Oman anavuka kwenda Falme za Kiarabu kwa kitambulisho cha taifa tu, anaweza kufanya kazi huko, kununua nyumba, kufungua biashara.

Lakini nyufa zipo. Nchi hizo zilikubaliana kodi ya ongezeko la thamani iwe asilimia 5. Saudia na Falme za Kiarabu zikaanza 2018, Bahrain 2019, Oman 2021, ila Saudia ikapandisha yake hadi asilimia 15 mwezi Julai 2020 na Bahrain hadi asilimia 10 mwaka 2022. Mwaka 2020 Saudia pia iliongeza ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi, na Julai 2021 ikaamua kwamba bidhaa zinazotengenezwa katika maeneo huru, yaani maeneo maalumu ya viwanda na biashara yenye msamaha wa ushuru, hazitahesabiwa tena kuwa za ndani ya GCC. Kila mtu alijua ni nani aliyeguswa hapo, maana Falme za Kiarabu ndizo zilizojenga uchumi wake juu ya maeneo huru. Saudia inataka viwanda vyake, Dubai inataka kubaki lango la kila mtu. Ushindani huo ni wa kweli, na sioni aibu ndani yake, mradi usimalizike kwa uamuzi wa usiku mmoja unaomkuta mwenye kiwanda ameshapakia mzigo.

Sarafu moja ya Ghuba imeishia wapi?

Ilipangwa ianze 2010. Oman ilijitoa mapema, mwaka 2006. Mei 2007 Kuwait ikaacha kuifunga dinari yake kwa dola peke yake na kurudi kuifunga kwa kapu la sarafu kadhaa. Mei 2009 Falme za Kiarabu zikajitoa baada ya Riyadh kuchaguliwa kuwa makao ya baraza la fedha. Nchi nne zilizobaki ziliendelea na mkataba, lakini hakuna noti iliyochapishwa. Tofauti kwa mfanyabiashara si kubwa sana, kwani nchi tano kati ya sita sarafu zake zimefungwa kwa dola.

Ilikuwaje Qatar ilipofungiwa mipaka mwaka 2017?

Hapa ndipo mtu anapojifunza zaidi kuliko katika mikataba yote.

Tarehe 5 Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar. Mpaka wa nchi kavu wa pekee wa Qatar, ule wa Salwa, ukafungwa. Sehemu kubwa ya chakula cha Doha ilikuwa ikipita hapo, na watu walikimbilia madukani siku ileile. Familia zilizooana pande mbili za mpaka zilitenganishwa. Soko la pamoja lililotangazwa 2008, lenye haki ya raia kukaa na kufanya kazi popote, halikuwatetea. Raia wa Qatar waliambiwa waondoke ndani ya siku 14.

Qatar ikatafuta njia. Meli zilizokuwa zikishusha Jebel Ali zikahamia Sohar na Salalah, bandari za Oman, kwa sababu Oman na Kuwait zilikataa kushiriki. Ng'ombe wa maziwa wakaletwa kwa ndege, na shamba la Baladna likakua mpaka nchi iliyokuwa ikinywa maziwa ya Saudia ikawa inajitosheleza.

Lakini kitu kimoja hakikukatika. Bomba la gesi la Dolphin, ambalo tangu 2007 hupeleka gesi ya Qatar Falme za Kiarabu na kisha Oman, liliendelea kufanya kazi kila siku ya mgogoro huo, kwa takriban futi za ujazo bilioni 2 kwa siku. Gridi ya umeme ya Ghuba nayo haikukatwa. Balozi zilifungwa, ndege zilizuiwa angani, na gesi ikaendelea kuwasha viyoyozi vya nchi iliyokuwa imeweka vikwazo. Falme za Kiarabu zilihitaji umeme. Qatar ilihitaji kubaki muuzaji anayeaminika. Kila upande ulijua kwamba ukifunga valvu, utaumia wewe kwanza.

Kwangu hilo ndilo fundisho kubwa la miaka 80 ya ushirikiano wa Kiarabu: makubaliano yaliyodumu ni yale ambayo kuyavunja kunamgharimu mvunjaji. Mgogoro ulimalizwa Al-Ula, Saudia, tarehe 5 Januari 2021, Salwa ikafunguliwa, lakini ng'ombe wa Qatar hawakurudi walikotoka. Soko ambalo wakulima wa Saudia walilipoteza lilipotea kwa kweli.

Gridi ya umeme ya Ghuba ni nini?

Ni mtandao wa nyaya unaounganisha nchi zote sita, chini ya mamlaka yenye makao Dammam. Awamu ya kwanza, ya Kuwait, Saudia, Bahrain na Qatar, ilikamilika 2009, na nyingine zikafuata. Kazi yake kubwa ni bima: mtambo mmoja ukizimika, majirani hujaza pengo kabla mji haujaingia gizani. Haizungumzwi sana kwa kuwa haina sherehe, na bado ni kati ya vitu bora walivyojenga pamoja.

Na Umoja wa Maghreb?

Algeria, Libya, Mauritania, Moroko na Tunisia zilisaini Marrakech tarehe 17 Februari 1989. Mkutano wa mwisho wa wakuu wa nchi ulifanyika 1994. Mwezi Agosti mwaka huo, baada ya shambulio katika hoteli moja ya Marrakech, Moroko iliwawekea Waalgeria masharti ya viza, na Algeria ikafunga mpaka wa nchi kavu. Haujafunguliwa mpaka leo. Nyuma ya yote kuna mgogoro wa Sahara Magharibi, eneo ambalo Moroko inasema ni lake huku Algeria ikiwaunga mkono wanaotaka lijitawale.

Oujda, mji wa Moroko ulioko kilomita chache kutoka mpakani, uliishi kwa biashara na upande wa pili. Watu wa ukoo mmoja husalimiana kwa kupunga mikono kutoka kila upande wa bonde. Mzigo wa Algeria unaotaka kufika Moroko huzungukia bandari za Ulaya, na tangu Septemba 2021 anga la Algeria limefungwa pia kwa ndege za Moroko.

Huenda mtu akaniuliza: mbona bomba la gesi la Maghreb na Ulaya, lililopita Moroko tangu 1996, halikuwaokoa kama Dolphin ilivyookoa Ghuba? Kwa sababu Algeria ilikuwa imeshajenga bomba jingine, Medgaz, linalokwenda Hispania moja kwa moja chini ya bahari. Mkataba ulipoisha Oktoba 2021, ilifunga lile la Moroko na wateja wake wa Ulaya bado ikawafikia. Aliyekuwa na njia ya pili hakuwa na haja ya kuelewana.

Mkataba wa Agadir unahusu nini?

Moroko, Tunisia, Misri na Jordan ziliusaini 2004 Rabat. Faida yake ni kwamba kitambaa cha nchi moja kikishonwa katika nyingine, nguo huhesabiwa kuwa na uasilia unaokubalika Ulaya bila ushuru. Lebanon na Palestina zilijiunga baadaye.

Pesa za mafuta zimewahi kuwafaa wasio na mafuta?

Ndiyo, na hapa Waarabu wanastahili sifa kuliko wanavyopewa. Kuwait ilianzisha mfuko wake wa maendeleo 1961, mwaka uleule ilipopata uhuru. Mfuko wa Kiarabu wa Maendeleo ya Kiuchumi na Kijamii uko Kuwait, Mfuko wa Fedha wa Kiarabu ulianzishwa 1976 na uko Abu Dhabi.

Upo pia ule unaotugusa sisi: BADEA, Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika, iliyoamuliwa katika mkutano wa Algiers mwaka 1973 na kuanza kazi 1975 ikiwa na makao Khartoum. Yenyewe hukopesha nchi za Afrika zisizo za Kiarabu. Barabara ya Nuno hadi Modogashe, kaskazini mashariki mwa Kenya, ilijengwa kwa mikopo ya mifuko ya Kiarabu iliyojichanga, BADEA ikiwemo. Mifugo na abiria waliokuwa wakikwama huko kila mvua ikinyesha wanaijua thamani yake.

Nafanya kazi Muscat. Soko la pamoja la Ghuba linanihusu?

Halikuhusu. Haki zile ni za raia. Kibali chako cha kazi kinaishia Oman, na kuvuka kwenda Dubai kunahitaji viza. Zaidi ya nusu ya wakazi wa nchi za GCC si raia, kwa hiyo soko la pamoja limewaacha nje watu wengi wanaobeba uchumi wenyewe mabegani.

Wafanyakazi Waarabu nao wameonja. Mwaka 1990 Yemen ilipokataa kuungana na waliopinga uvamizi wa Iraq nchini Kuwait, Saudia iliondoa nafuu za ukaazi na mamia ya maelfu ya Wayemeni wakalazimika kurudi kwao, na fedha walizokuwa wakituma zikakauka.

Umoja wa forodha wa Waarabu wote utakuja?

Mkutano wa kiuchumi wa Kuwait, Januari 2009, uliweka lengo la 2015, na soko la pamoja 2020. Tarehe zote mbili zimepita. Naona tatizo ni hili: umoja wa forodha unataka kila nchi itoze ushuru uleule kwa bidhaa za nje, na nchi ya Ghuba inayoishi kwa kuagiza kila kitu haitaki ushuru mkubwa, wakati Misri na Algeria zinalinda viwanda vyao. Bila fedha za kumfidia anayepoteza, hakuna atakayekubali kupoteza.

Somalia na Komoro zimesimama wapi?

Zimesimama katikati, na kwa msomaji wa Kiswahili huenda hili ndilo la karibu zaidi. Komoro iliingia Jumuiya ya Nchi za Kiarabu 1993, lakini kibiashara iko COMESA na SADC.

Somalia iliingia mapema zaidi, 1974, na uhusiano wake na Ghuba unapimwa kwa mbuzi, kondoo na ngamia wanaopakiwa Berbera na Bosaso, hasa kuelekea Hija. Mwaka 2000, homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka Saudia na Yemen, Saudia ilizuia mifugo ya Pembe ya Afrika, na marufuku kwa Somalia ikadumu mpaka 2009. Uanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu haukumpa mfugaji maabara wala cheti cha afya ya mnyama kinachokubalika Jeddah. Vilipojengwa vituo vya karantini Berbera, meli zikarudi.

Sasa Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki unatoza asilimia 25 kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, na asilimia 35 kwa baadhi tangu Julai 2022. Ghuba inatoza 5. Nchi haiwezi kuwa ndani ya umoja wa forodha wa aina mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku umoja wa forodha wa Waarabu ukiwa wa kweli, Mogadishu itabidi ichague. Kwa sasa wafanyabiashara wa Bakaara, soko kubwa la Mogadishu, wanaagiza mchele, sukari na nguo kupitia Dubai, na swali lao la kwanza kwa serikali ni lini ushuru wa Arusha utaanza kutozwa bandarini kwao.